Bunge limepigiwa kura, majaji hawajapigiwa: kwa nini wafute sheria?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa Morogoro, napenda kufuatilia siasa za kwetu na za majirani. Kenya walikuwa na mabadiliko ya Katiba yaliyoitwa BBI, kifupi cha Building Bridges Initiative, yaani mpango wa kujenga madaraja. Yakapita Bunge la Kitaifa, yakapita Seneti, yakapita mabunge ya kaunti zaidi ya arobaini, halafu majaji wakayazima. Nani aliwapigia kura majaji hao? Kwetu ikawa kinyume: mahakama ilisema mgombea binafsi ruksa, Bunge likabadili Katiba, biashara ikaishia hapo. Katika demokrasia wengi wakishaamua, mahakama ina haki gani ya kuwapinga? Na kama ni lazima iwe na haki hiyo, kwa nini majaji nao tusiwachague kwa kura?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo mazito, na kila moja linamvuta mwenzake. Nianze na hao wengi unaowatetea, maana hapo ndipo tunapopita haraka.

Wengi walio bungeni huzaliwa na kanuni za uchaguzi. Poland mwaka 2015, chama cha Sheria na Haki kilipata asilimia 37.6 ya kura, na kura hizo zikakipa viti 235 kati ya 460, kikaunda serikali kwa wingi wake chenyewe. Hungary mwaka 2010, chama cha Fidesz na mshirika wake walipata karibu asilimia 53 ya kura, wakaondoka na zaidi ya theluthi mbili ya viti, kiasi cha kutosha kuandika Katiba mpya bila kuhitaji kura hata moja ya upinzani. Kwetu na kwa Wakenya, mbunge hushinda kwa kuwa mbele ya mwenzake tu, hata kama wapiga kura wengi wa jimbo lake hawakumtaka ila waligawana kura kwa wagombea wengine. Mipaka ya majimbo, nani anaruhusiwa kugombea, nani anaandikishwa, nani anahesabu na nani anatangaza: hayo ndiyo yanayoamua nani ataitwa wengi. Na anayetunga kanuni hizo ni nani? Ni wengi walioko madarakani leo.

Wewe ni mfanyabiashara, bila shaka umewahi kuwa mwanachama wa kikoba. Mkipiga kura riba ishuke kutoka kumi hadi tano, aliyeshindwa hana la kulalamika, atajenga hoja yake upya mkutano ujao. Lakini wengi wakipiga kura kwamba wanaohoji hesabu za mweka hazina wasiitwe mkutano ujao, kura hiyo imeua kura zinazofuata. Mwanachama anayesimama na katiba ya kikoba mkononi na kusema hili haliwezekani anaulinda mkutano ujao, pamoja na haki ya wenzake kubadili mawazo.

Hukumu za katiba mimi nazipima kwa swali hilo. Naangalia kama hukumu imewaachia wananchi njia ya kuliamua jambo hilo tena baadaye, au imeifunga njia. Na kwa sheria iliyofutwa nauliza vivyo hivyo: ilikuwa inaamua jambo, au ilikuwa inawazuia wengine wasije wakaamua?

Sasa twende Kenya. Katiba yao ya mwaka 2010 inaanza kwa kusema mamlaka yote ni ya wananchi, kisha inataja walikokabidhi mamlaka hayo: Bunge, serikali, na Mahakama pia. Tarehe 4 Agosti 2010 Katiba hiyo ilipigiwa kura ya maoni ikakubaliwa na asilimia 67 hivi ya waliopiga kura. Katika chaguzi za urais zilizoshindaniwa kweli tangu hapo, hakuna aliyefika karibu na kiwango hicho. Kwa hiyo jaji wa Nairobi anapofuta sheria kwa jina la Katiba hiyo, anasimama juu ya kura ya wananchi wenyewe, tena kwa asilimia kubwa kuliko ya rais yeyote aliyeshinda chaguzi hizo.

Hoja hiyo ina nguvu Kenya, na sitaki kukudanganya kwamba ina nguvu ileile kila mahali. Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka 1787 na watu waliokufa zamani, wakati wanawake na watumwa hawakuwa na kura. Katiba yetu ya mwaka 1977 haikupelekwa kwa wananchi kupigiwa kura. Haki za msingi ziliingizwa humo mwaka 1984, na hata hapo mahakama zikazuiwa kuzitumia mpaka Machi 1988 ili serikali ipate muda wa kusafisha sheria zake. Kwetu, jaji hawezi kusema anatekeleza kura ya maoni. Lazima aegemee kwenye ile hoja ya mkutano ujao.

BBI yenyewe ilitokana na Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kupeana mikono tarehe 9 Machi 2018, baada ya uchaguzi uliowagawa Wakenya vibaya. Nasema kwa moyo mmoja kwamba kupeana mikono kule kulituliza nchi. Lakini kuliacha pengo: serikali na kiongozi mkuu wa upinzani wakawa upande mmoja, na bungeni akabaki nani wa kuhoji? Bunge la Kitaifa lilipitisha mswada kwa kura 224 dhidi ya 63, Seneti kwa 51 dhidi ya 12. Waliobaki nje ya makubaliano walikwenda kwenye ukumbi pekee uliobaki wazi. Mahakama Kuu, majaji watano, iliwapa ushindi tarehe 13 Mei 2021. Mahakama ya Rufaa, majaji saba, ikafuata tarehe 20 Agosti. Mahakama ya Juu ikafunga shauri tarehe 31 Machi 2022.

Soma ilichosema Mahakama ya Juu, maana kinatofautiana na kilichosemwa mitaani. Kifungu cha 257 kinawapa wananchi njia ya kubadili Katiba kwa kukusanya saini milioni moja, bila kusubiri Bunge liwahurumie. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya raia ambaye watawala hawataki kumsikiliza. Majaji wakasema Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia hiyo, kwani njia ya kupitia Bunge iko wazi kwa upande wake. Pia walikuta kwamba sehemu iliyoongeza majimbo 70 na kuyagawa kwa kaunti iliingizwa bila wananchi kushirikishwa. Hayo ndiyo majimbo yanayozaa wengi wa kesho, ndugu yangu. Ukigawa majimbo 70 gizani, umeshiriki kupanga matokeo ya chaguzi ambazo hazijafanyika.

Ila mahakama haikusema Wakenya hawawezi kuwa na Waziri Mkuu, wala kwamba serikali haiwezi kupanuliwa. Anayetaka hayo leo anaweza kuyapeleka kwa hatua zinazotakiwa. Na kwenye jambo kubwa zaidi majaji waliwarudishia wanasiasa nafasi: mahakama za chini zilikuwa zimesema Katiba ina muundo msingi usioguswa na mabadiliko ya kawaida, Mahakama ya Juu ikakataa fundisho hilo, majaji sita kwa mmoja, Jaji Mohamed Ibrahim akibaki peke yake.

Fundisho hilo la muundo msingi lilitoka India. Tarehe 24 Aprili 1973, jopo la majaji 13 liliamua kwa saba dhidi ya sita kwamba Bunge linaweza kubadili ibara yoyote ila haliwezi kuivunja Katiba yenyewe kwa kisingizio cha kuibadili. Wakati huo chama cha Congress cha Indira Gandhi kilikuwa na theluthi mbili, na kubadili Katiba huko hakuhitaji kura ya maoni. Miaka miwili baadaye, katika hali ya hatari, Bunge likapitisha marekebisho ya 39 yaliyouweka uchaguzi wa Waziri Mkuu nje ya uwezo wa mahakama, wakati kesi dhidi ya uchaguzi wa Waziri Mkuu huyohuyo ikiwa mahakamani. Mahakama ya Juu ya India ikaifuta ibara hiyo kwa kutumia fundisho lile.

Kwa maoni yangu Mahakama ya Juu ya Kenya ilifanya sawa kulikataa, na India ilifanya sawa kulibuni. Kenya, ukigusa mambo mazito kama muhula wa rais au uhuru wa mahakama, lazima uwarudie wananchi kwa kura ya maoni. Ngome imejengwa ndani ya Katiba, jaji hana sababu ya kujenga nyingine. Tena Wakenya walishaijaribu ngome ya aina hiyo kabla hata ya Katiba mpya. Mwaka 2004 Mahakama Kuu iliamua kwamba Katiba mpya lazima ipelekwe kwa wananchi. Serikali ikapeleka rasimu yake tarehe 21 Novemba 2005, chungwa dhidi ya ndizi, na wananchi wakaikataa kwa zaidi ya asilimia 57. Wengi wa bungeni walikuwa na rasimu, wengi wa nchi hawakuitaka, na bila hukumu ile pengine tusingejua tofauti hiyo.

Pale ambapo chama kimoja kinaweza kubadili Katiba peke yake ndipo fundisho la India lina kazi. Na hapo tumefika nyumbani.

Mwaka 1992 tulipoingia vyama vingi, Katiba ilirekebishwa ili mgombea yeyote awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda Mahakama Kuu, Dodoma, mwaka 1993. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua: raia ana haki ya kushiriki uongozi wa nchi yake bila kulazimika kupitia chama. Hukumu hiyohiyo ilifuta sharti la kuomba kibali cha kufanya mkutano wa hadhara, na ndiyo sababu tangu hapo sheria ya polisi ikabadilika kutoka kibali kwenda taarifa. Ukisikia viongozi wa vyama wakibishana na kamanda kwamba wao wanatoa taarifa na hawaombi ruhusa, wanasimama juu ya hukumu ya Lugakingira.

Lakini tarehe 16 Oktoba, siku nane kabla ya hukumu, serikali ilikuwa imeshapeleka bungeni muswada wa marekebisho ya Katiba kulifunga jambo lilelile lililokuwa mbele ya jaji. Hukumu ikatoka, na muswada ukaendelea na safari. Sheria Namba 34 ya mwaka 1994 ikapita, na haki aliyoipata Mtikila mahakamani ikafungwa kwa kalamu ya Bunge.

Bunge gani hilo? Ni lile lililochaguliwa mwaka 1990, chini ya mfumo wa chama kimoja. Kila mgombea katika uchaguzi ule alipitishwa na CCM. Unaposema wengi waliamua, kumbuka ni wengi wa aina gani: Bunge lililochaguliwa kabla ya ushindani kuruhusiwa ndilo lililoweka masharti ya nani ataingia kwenye ushindani. Sikatai kwamba lilikuwa Bunge halali. Ninachosema ni kwamba lilitumia uhalali wake kuamua nani asiweze kulipinga, kama wale wa kikoba.

Mtikila hakuchoka. Alirudi mahakamani mwaka 2005, na tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa haki tena, safari hii wakisema hata marekebisho yale ya Katiba yalivunja haki za msingi. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani, likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, likaamua kwamba jambo hilo ni la kisiasa na wa kulimaliza ni Bunge. Likatoa neno la ushauri kwa Mwanasheria Mkuu na Bunge, likaishia hapo. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika. Mwezi Novemba 2019 serikali yetu ikajitoa kwenye tamko lililowaruhusu raia na mashirika kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mtikila mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na hakupata kuwa mgombea binafsi.

Nimeisoma hukumu ya 2010 kwa heshima, kwa sababu walioiandika walikuwa majaji wakubwa na hofu yao haikuwa ya kijinga: jaji akianza kufuta ibara za Katiba, nani atamzuia yeye? Lakini naamini walikosea. Kulirudisha suala la nani aingie bungeni kwa hao walioko bungeni ni kumpa mwenye duka funguo za kumzuia mshindani wake asifungue. Hali yetu ya 2010 ilifanana zaidi na India ya 1973 kuliko Kenya ya 2022, na kinga waliyoikataa majaji wetu ilihitajika hapa zaidi kuliko Nairobi.

Kuna kundi jingine la kesi lisilohusu mkutano ujao, na nisilipite kimya. Wapo watu ambao hawatakuwa wengi kamwe, hata uchaguzi uwe safi kiasi gani: wafungwa, watu wenye ualbino, waumini wa dhehebu dogo. Afrika Kusini mwaka 1995, Mahakama ya Katiba ilifuta adhabu ya kifo ikijua kabisa kwamba raia wengi waliitaka. Rais wa mahakama hiyo, Arthur Chaskalson, aliandika kwamba kama maoni ya umma yangetosha kuamua, kusingekuwa na haja ya mahakama kuamua mambo ya katiba. Mtu aliyehukumiwa kunyongwa hana chama wala jimbo. Ana shauri lake tu.

Kwa upande mwingine, yapo mambo ambayo jaji ninamtaka awe mzito sana wa kuyagusa, na kodi ni mojawapo. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023 yote kwa hoja ya ushirikishwaji wa umma. Tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha. Najua vijana wengi wa Kenya walihuzunika, na baada ya yaliyotokea barabarani kwenye maandamano ya kupinga kodi mwezi Juni mwaka ule huzuni yao naielewa. Lakini kiwango cha kodi ni jambo ambalo Bunge lijalo linaweza kulibadili kesho asubuhi, na wapiga kura wanajua nani wa kumwajibisha. Hapo mahakama inapaswa kuhakikisha wananchi walisikilizwa, kisha iwaachie wanasiasa mzigo wao.

Umeuliza kama mahakama ina haki. Uliza pia kama ina nguvu, maana watu hudhani jaji akigonga meza nchi inasimama. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais, majaji wanne dhidi ya wawili. Uchaguzi wa marudio ukapangwa tarehe 26 Oktoba. Tarehe 24 dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi. Tarehe 25 mahakama ilitakiwa kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi. Wakafika majaji wawili, akidi ni watano, shauri halikusikilizwa. Septemba 2020 Maraga huyohuyo akamshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya uwiano wa jinsia inayotakiwa na Katiba. Bunge halikuvunjwa, likamaliza muda wake. Hapa kwetu, tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi ni kinyume cha Katiba. Mahakama Kuu ilikuwa imeipa serikali mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka huo ulipita, vifungu vikabaki vilevile.

Kwa hiyo anayeogopa utawala wa majaji, hasa katika ukanda wetu, anaogopa kitu ambacho sijakiona. Mahakama haina polisi wake wala hazina yake. Inategemea wengi walioko madarakani wakubali kushindwa, na wanakubali pale wanapojua kwamba ipo siku nao watakuwa wachache na watahitaji mlango uleule wa mahakama. Rais asiyetarajia kuondoka hana sababu ya kumtunza jaji.

Na wengi waliokusudia kubaki wanajua njia za kumaliza habari hii bila kelele. Hungary, Mahakama ya Katiba ilipofuta kodi ya asilimia 98 ya kiinua mgongo mwaka 2010, Bunge likaipunguzia mamlaka ya kugusa mambo ya fedha. Kanuni ya kuteua majaji ikabadilishwa ili wengi wasihitaji upinzani, idadi ya majaji ikapandishwa kutoka 11 hadi 15, na mwaka 2013 marekebisho ya nne yakarudisha ndani ya Katiba baadhi ya yale mahakama iliyokuwa imeyafuta. Poland, Rais alikataa kuwaapisha majaji watatu waliochaguliwa na Bunge lililotangulia, na serikali ikakataa kuchapisha hukumu ya tarehe 9 Machi 2016. Hukumu isiyochapishwa kwenye gazeti la serikali haina nguvu, kwa hiyo wakaiacha tu kwenye karatasi. Uganda haikuhitaji hata hayo. Bunge liliondoa ukomo wa umri wa rais mwezi Desemba 2017, Mahakama ya Katiba ikiketi Mbale Julai 2018 ikaukubali uondoaji huo, majaji wanne dhidi ya mmoja, na Mahakama ya Juu ikaafiki tarehe 18 Aprili 2019 kwa wanne dhidi ya watatu. Kilichofutwa Mbale ni kile wabunge walichojipa wenyewe, kuongeza muda wao kutoka miaka mitano hadi saba. Majaji walimgusa mbunge, hawakumgusa rais.

Linganisha na Marekani mwaka 1937. Franklin Roosevelt alikuwa ameshinda majimbo 46 kati ya 48, na Mahakama ya Juu ilikuwa inamfutia sheria zake za kuokoa uchumi. Akapendekeza aongeze majaji wapya wasiozidi sita. Chama chake kilikuwa na zaidi ya robo tatu ya Seneti, na Seneti hiyo ikamkatalia. Hata hivyo hakushindwa. Mahakama ilianza kulegeza msimamo mwaka huohuo, majaji wazee wakastaafu, na kwa sababu wananchi waliendelea kumchagua, aliteua majaji wengi wa mahakama ile kwa utaratibu wa kawaida. Naipenda historia hii kwa sababu inaonyesha kiasi sahihi: wengi wa kweli, wanaoshinda uchaguzi baada ya uchaguzi, mwishowe hupata sera zao na majaji wao. Mahakama inawachelewesha, inawalazimisha washinde zaidi ya mara moja. Wengi wa msimu mmoja ndio inaowazuia.

Hilo linanifikisha kwenye pendekezo lako la kuwapigia kura majaji. Limejaribiwa. Bolivia, chini ya Katiba yao ya mwaka 2009, ilianza kuchagua majaji wa mahakama za juu kwa kura za wananchi mwaka 2011. Wagombea walichujwa kwanza na Bunge, ambamo chama tawala kilikuwa na theluthi mbili, na kura zilizoharibika au kuachwa tupu zikazidi kura halali. Tarehe 21 Februari 2016 wananchi walipiga kura ya maoni na kwa asilimia 51 wakakataa Rais Evo Morales aongezewe muhula. Novemba 2017 Mahakama ya Katiba, yenye majaji waliopigiwa kura na wananchi, ikaamua kwamba anaweza kugombea hata hivyo. Mexico nayo ilichagua majaji wake kwa kura tarehe 1 Juni 2025, na waliojitokeza walikuwa asilimia 13 hivi ya waliojiandikisha. Jaji anayehitaji kura anahitaji mtu wa kumfikisha kwa wapiga kura, na mwenye uwezo huo ni chama.

Mimi ningeanza na jambo dogo zaidi, lililoandikwa kwenye Katiba yetu na ambalo mikutano ya hadhara hailizungumzi. Ujerumani, majaji wa Mahakama ya Katiba huchaguliwa na mabunge yote mawili, nusu kwa nusu, kwa theluthi mbili, ili chama tawala kihitaji kukubaliana na wapinzani wake; wanakaa miaka 12, kisha wanaondoka na hawarudi. Hakuna anayeweza kuwaongezea hata siku kwa kuwapenda, kwa hiyo hawana wa kumfurahisha. Kwetu, ibara ya 110 inasema jaji wa Mahakama Kuu atastaafu akifikisha miaka 60, kisha inampa Rais ruhusa ya kumwongezea muda, kwa kipindi atakachokitaja yeye, akiona ni kwa manufaa ya umma na jaji mwenyewe akikubali. Jaji aliyebakiza mwaka mmoja, mwenye shauri dhidi ya serikali mezani, anajua nani anashika kalamu ya kumwongezea muda. Siku mchakato wa Katiba mpya ukifunguliwa tena, hicho ndicho kifungu ambacho ningeomba kianze kufutwa.